Mbawakawa mwekundu wa utomvu: mdudu wa visiki huko Marekani aliyekuja kuua mamilioni ya misonobari China

#1 – Mtazamamsitu (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeona nianzishe uzi huu kwa sababu kila mjadala wa paini (yaani misonobari) unaoibuka hapa, uwe wa bei ya mbao, wa umri wa kuvuna au wa kununua mashamba Mufindi na Njombe, wadudu hutajwa kwa sentensi moja mwishoni, kana kwamba mti ukishavuka hatari ya mchwa na moto, mambo yote yaliyobaki ni ya soko. Ningependa tuzungumze kwa kirefu juu ya mdudu mmoja tu. Habari zake zimefuatiliwa na watafiti wa mabara mawili, na mwenendo wake unapingana na imani iliyoenea sana miongoni mwetu, kwamba mdudu asiyesumbua nchini kwao hawezi kusumbua kwa wenzake.

Jina lake la kisayansi ni Dendroctonus valens. Hapa nitamwita mbawakawa mwekundu wa utomvu. Kwao ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, kuanzia Kanada, kupitia Marekani, hadi Mexico na Guatemala. Ana rangi ya kutu na urefu wa milimita 6 hadi 10, kwa hiyo yumo miongoni mwa wakubwa kabisa katika kundi la mbawakawa wa magome, ambao wengi wao hawafiki milimita 5.

Maisha yake yanaanzia chini ya mti. Jike hutoboa gome karibu na ardhi, mara nyingi chini ya mita 2, mpaka afike kwenye tabaka laini lililo kati ya gome na mbao, ambalo kazi yake ni kupeleka sukari iliyotengenezwa majanini hadi mizizini. Mti wenye nguvu humjibu kwa kumwaga utomvu, na utomvu huo ukichanganyika na unga wa gome huganda pale tunduni na kuwa donge kubwa la rangi nyekundu au ya waridi. Akifanikiwa kupenya, dume humfuata, na jike hutaga mayai kwa mafungu kando ya njia aliyoichimba; mayai hayo yanaweza kupita 100. Mabuu wa mbawakawa wengi wa magome huchimba kila mmoja njia yake, lakini hawa hula wakiwa kundi moja, bega kwa bega, wakipanua chumba kimoja kipana chini ya gome. Vyumba kadhaa vikikutana kuzunguka shina, njia ya chakula imekatika pande zote, na mizizi huanza kufa njaa wakati majani ya juu bado ni ya kijani. Mwenye shamba anayekagua kwa kutazama vilele peke yake huja kugundua mambo yakiwa yameshaharibika.

Huko kwao, hata hivyo, mambo haya hayamtishi mtu sana. Anavutwa na harufu ya utomvu mbichi, hivyo huenda kwenye visiki vya miti iliyotoka kukatwa, kwenye miti iliyochubuliwa na mitambo, iliyoungua moto, au iliyokwisha kudhoofishwa na wadudu wengine. Ni nadra mti wenye afya kufa kwa sababu yake peke yake.

Sasa tuje China. Kwa maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi, aliingia huko mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa ndani ya magogo ya misonobari ambayo hayakuchakatwa, yaliyotoka pwani ya magharibi ya Marekani, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba mbawakawa wa China wana nasaba moja na wale wa magharibi ya Marekani. Kwa zaidi ya miaka 10 hapakuwa na aliyemtambua. Mwaka 1998 akaonekana kwa mara ya kwanza katika wilaya za Yangcheng na Qinshui, kusini mwa jimbo la Shanxi, na mwaka uliofuata akalipuka. Kutoka Shanxi aliingia Hebei, Henan na Shaanxi. Eneo lililovamiwa lilipita hekta 500,000, na miti iliyokufa ilihesabiwa kwa mamilioni: makadirio ya mwanzo yalitaja milioni 6, na ya baadaye yakapita milioni 10.

Mti ulioathirika zaidi ni msonobari wa kaskazini mwa China, Pinus tabuliformis. Tafadhali zingatieni hili, kwa sababu mti huo haukupandwa kwa ajili ya mbao tu. Umepandwa kwa wingi kwenye vilima vilivyokuwa vimebaki vipara ili kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, katika eneo ambalo mmomonyoko wake unajulikana dunia nzima. Kilima kilichosubiri miongo mitatu ili kifunikwe na miti kinaporudi kuwa wazi, hasara yake haipimwi kwa futi za mbao.

Kwa nini mdudu wa visiki aligeuka kuwa muuaji wa miti iliyosimama? Hakuna sababu moja, na nadhani hapa ndipo penye funzo kubwa kwa watu wanaopanda miti. Msonobari wa China haukuwahi kukutana naye katika historia yake, kwa hiyo ulinzi wake haukuundwa kwa ajili ya mashambulizi ya namna ile. Miaka ya mwisho ya 1990 ilikuwa ya ukame mfululizo na majira ya baridi yasiyo na baridi ya kawaida, na mti wenye kiu hauna utomvu wa kutosha kumfukuza adui. Maeneo mengi yalikuwa na miti ya aina moja, yenye umri mmoja, iliyopandwa kwa kubanana. Kisha ikaja sababu ambayo mimi binafsi naiona kuwa nzito kuliko zote, nayo ni kuvu.

Mbawakawa huyu hasafiri peke yake. Mwilini hubeba spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, na miongoni mwa zile zilizopatikana kwake nchini China imo moja iitwayo Leptographium procerum. Profesa Jianghua Sun na wenzake wa Chuo cha Sayansi cha China walipoichunguza walikuta kwamba aina zilizochukuliwa China huidhuru miche ya msonobari wa China kuliko aina za kuvu hiyohiyo zilizochukuliwa Marekani. Tena miche iliyoambukizwa hutoa kwa wingi zaidi kemikali iitwayo 3-kareni, ambayo ni harufu inayomvuta sana mbawakawa mwenyewe. Kwa maneno mengine, mti ulioambukizwa hutoa harufu inayowaita mbawakawa wengine waje kuumaliza. Mwaka 2011 watafiti hao walieleza wasiwasi wao kwamba iwapo mdudu huyu, akiwa na kuvu iliyobadilika, atarudishwa Amerika kwa njia ya biashara, anaweza kuwa hatari hata pale alikotoka.

Jambo la mwisho katika bandiko hili ni mizizi. Nchini China amezoea kushuka hadi kwenye mizizi mikubwa na kupitisha majira ya baridi humo, mahali ambapo baridi ya juu ya ardhi haimfikii vizuri. Kwa sababu hiyo, kukata mti na kuuondoa shambani bila kushughulikia kisiki na mizizi ni kumwachia nyumba yake.

Karibuni tujadili.

#2 – Mkulima wa Paini

Ndugu Mtazamamsitu, asante kwa uzi uliotulia. Nina shamba la paini huko Makete, na nina maswali mawili. La kwanza, je, huyu ndiye yule mdudu anayesemwa kuwa alimaliza misitu ya Kanada, au ni mwingine? La pili, paini tunazopanda sisi ni patula. Je, patula zimo katika miti anayoila, au haya ni mambo ya China na misonobari yao?

#3 – Mtazamamsitu

Ndugu Mkulima wa Paini, ahsante kwa maswali, kwa kuwa yote mawili yanagusa kiini cha jambo.

Yule wa Kanada ni ndugu yake wa jenasi moja, Dendroctonus ponderosae, mbawakawa wa misonobari ya milimani. Yeye ni mwenyeji wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, wala hakuletwa na mtu. Katika jimbo la British Columbia mlipuko wake ulioanza miaka ya 1990 uligusa takriban hekta milioni 18, kwa sababu majira ya baridi hayakuwa makali kiasi cha kuua mabuu kama zamani, na kwa sababu misitu ilikuwa imejaa misonobari mizee iliyokuwa imekingwa na moto kwa miaka mingi. Mwaka 2006 makundi makubwa yalivuka Milima ya Rocky kuingia Alberta. Nautaja ili tusidhani kwamba mdudu mwenyeji siku zote ni mpole na mgeni siku zote ni mkali. Kinachoamua ni mkutano wa mdudu, mti, hali ya hewa na namna msitu ulivyotunzwa.

Kuhusu patula: Pinus patula asili yake ni Mexico, nchi ambayo mbawakawa mwekundu naye ni mwenyeji, na katika eneo lake la asili amekutwa kwenye takriban aina 40 za miti ya familia ya misonobari. Yeye si mchaguzi. Kuwa na mti ambao kwao aliishi karibu naye kunaweza kuwa na faida, kwa kuwa mti huo umezoea jamii yake, lakini faida hiyo isitulaze. Patula ya Mexico humea katika milima yenye miti mchanganyiko, kwenye udongo na mvua iliyoizoea, ilhali patula yetu imepandwa mistari kwa mistari, mara nyingi haipunguzwi kwa wakati, na kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini huikuta imebanana ikigombea maji.

Kuna jambo jingine ningependa wenye mashamba walifikirie. Siku hizi katika shamba la miti la serikali la Sao Hill, huko Mufindi, kuna kazi ya kugema utomvu, yaani kuuchuna mti gome kwa vipande ili utomvu utiririke na kukusanywa. Ni kazi yenye kipato na sina neno baya juu yake. Hata hivyo mti uliogemwa hutoa harufu ya utomvu mbichi kwa miezi, na harufu hiyo ndiyo ramani ya mdudu tunayemzungumzia. Makazi yake yanayojulikana mpaka sasa ni Amerika na China, wala siandiki kwa maana ya kwamba yupo Mufindi. Naandika kwa sababu mtu akipanga kazi shambani ni vizuri ajue kazi hiyo inafungua milango gani.

#4 – Afisa Mstaafu

Wanangu, mjadala ni mzuri, nami nimefanya kazi ya misitu kwa muda wa kutosha kuongeza machache.

Vijana wengi hapa hawajui kwa nini tunapanda patula na si radiata. Kenya na Tanzania zilikuwa na matumaini makubwa na Pinus radiata, ambayo inakua haraka na ina mbao nzuri. Ugonjwa wa majani unaosababishwa na kuvu ya Dothistroma ulipoingia na kuenea katika miaka ya mwisho ya 1950 na miaka ya 1960, upandaji wa radiata ukaachwa, na patula ikachukua nafasi yake. Yaani aina ya paini iliyojaa milimani kwetu leo ilichaguliwa kwa kiasi kikubwa na kuvu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaingia Kenya mdudu mwenye manyoya meupe kama pamba, Pineus boerneri, aliyeletwa na vikonyo vya misonobari vilivyoagizwa kutoka Australia kwa ajili ya kuunganisha miche bora. Watu wa misitu wenyewe ndio waliomleta, kwa nia njema kabisa. Halafu wazee wenzangu wanakumbuka vidukari wa mikrismasi (misaipresi), waitwao Cinara, walioonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990. Waliikausha mikrismasi na ua za majumbani kuanzia nyanda za juu za Kenya hadi kwetu. Vidukari hao walipunguzwa nguvu baada ya kuachiliwa nyigu mdogo sana aitwaye Pauesia, ambaye hutaga ndani ya kidukari.

Kwa hiyo mleta uzi hasemi jambo geni. Ila namwomba asiwatishe watu kupita kiasi. Mwenye ekari tano za paini leo anapata hasara zaidi kwa moto na kwa mbegu mbovu kuliko kwa mdudu aliyeko China. Na ningependa atueleze Wachina walifanya nini, kwa sababu kutaja ugonjwa bila kutaja dawa hakumsaidii mkulima.

#5 – Mtazamamsitu

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako ya radiata na ya vidukari wa mikrismasi yameupa uzi huu uzito ambao mimi nisingeweza kuupa. Kuhusu moto na mbegu nakubaliana nawe bila kusita: mkulima mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu msimu huu, afyeke njia ya kuzuia moto. Pale ninapotofautiana nawe kwa heshima ni kwamba moto huchoma shamba la mtu na majirani zake, kisha shamba hupandwa upya, ilhali mdudu akishaingia hukaa katika nchi kwa vizazi, na anayelipa gharama si yule aliyemwingiza.

Sasa kuhusu hatua zilizochukuliwa. Mwaka 2000 serikali ya China, kupitia mamlaka yake ya misitu, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kumdhibiti. Miti iliyokufa na iliyokaribia kufa ilikatwa na kuondolewa, na visiki vikatiwa dawa. Kwa miti iliyosimama, mbinu iliyotumika sana ilikuwa kuzungushia sehemu ya chini ya shina karatasi ya plastiki, kuifunga vizuri, na kuweka ndani yake vidonge vya aluminiamu fosfaidi, ambavyo ni vilevile tunavyovijua kwa kufukizia nafaka ghalani. Gesi yake huua mbawakawa na mabuu chini ya gome. Ni mbinu yenye nguvu, lakini ni ya kwenda mti kwa mti, na gesi hiyo huua binadamu pia. Kwenye vilima vyenye maelfu ya miti inahitaji nguvukazi kubwa yenye mafunzo.

Mbinu ya pili ni mitego ya harufu. Kwa kuwa 3-kareni humvuta, hutiwa kwenye chupa ndogo ndani ya mitego inayotundikwa msituni, na mbawakawa wanaoruka kutafuta mti huangukia humo. Kuna pia kemikali iitwayo vebenoni ambayo hufanya kazi ya kinyume, kwa sababu mbawakawa wa magome huipokea kama taarifa kwamba mti umeshajaa. Mitego husaidia zaidi kujua mdudu amefika wapi na lini anaruka, kuliko kummaliza.

Mbinu ya tatu inafanana na habari ya Pauesia uliyotueleza. Ulaya kuna mbawakawa mwingine wa jenasi hii, Dendroctonus micans, anayeshambulia misprusi, na mabuu wake nao hula kwa kundi. Ana adui wake wa asili, mbawakawa mdogo aitwaye Rhizophagus grandis, ambaye hufuata harufu ya uchafu wa mabuu, huingia chumbani mwao na kuwala, na hutaga mayai yake humohumo. Nchini Jojia walikuwa wamekwisha kumfuga na kumwachilia kwa wingi. Uingereza ilipomgundua micans mwaka 1982, idara ya misitu ilileta adui huyo kutoka Ubelgiji, ikamzalisha, na kuanzia katikati ya miaka ya 1980 ikamwachilia kwenye misitu iliyoathirika. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba micans bado yupo Uingereza lakini haangamizi misitu. Wachina nao walimchukua Rhizophagus kutoka Ubelgiji na kumzalisha kwa ajili ya mbawakawa mwekundu, kwa hoja kwamba mabuu wake pia hukaa kundi moja na kwa hiyo chumba kimoja ni karamu ya kutosha kwa adui na watoto wake.

Yote haya, pamoja na kurudi kwa mvua, yalipunguza mlipuko. Hayakumwondoa. Katika miaka ya karibuni ameonekana Liaoning na Mongolia ya Ndani, kaskazini mashariki zaidi ya alikoanzia, na watafiti wanaangalia kwa hofu misonobari ya kusini mwa China, hasa Pinus massoniana, pamoja na ukanda mrefu wa misonobari unaoendelea hadi Urusi. Kwa hiyo, mzee wangu, ukiniuliza dawa ni ipi, nitasema kwamba China ina uwezo wa serikali, wa watafiti na wa nguvukazi ambao nchi chache duniani zinao, na hata hivyo imefika mahali pa kuishi naye. Kwa hali hiyo naona gharama ya kumzuia mlangoni, hata ingekuwa kubwa, ni ndogo.

#6 – Mtanzania wa Gauteng

Naunga mkono kutoka huku Afrika Kusini. Huku kuna jamaa yake mwingine, Euwallacea fornicatus, mwenye asili ya Asia ya Kusini Mashariki, aliyetambuliwa mwaka 2017 katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg. Ni mdogo sana, kama milimita 2, na hali gome wala mbao, bali hupanda kuvu ndani ya vitundu anavyochimba na kula kuvu hiyo. Miti ya barabarani Johannesburg, hasa mipleni na mioki, imekatwa kwa sababu yake, na parachichi zimo katika miti anayoishambulia. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanaosoma uzi huu nao walifuatilie jina hilo.

#7 – Dada wa Forodha

Naomba nichangie upande wa mlangoni, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi.

Mizigo mingi inayofika bandarini haina magogo, lakini ina paleti, makreti na vipande vya mbao vya kukazia mashine zisisogee. Mbao hizo ndizo zilizowahi kusafirisha wadudu wengi duniani. Ndiyo maana mwaka 2002 Mkataba wa Kimataifa wa Hifadhi ya Mimea, ulio chini ya FAO, ulipitisha kiwango namba 15 cha hatua za afya ya mimea. Kiwango hicho kinataka mbao za kufungia mizigo zipashwe joto mpaka kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe kwa dawa iliyokubaliwa, kisha zipigwe muhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi, namba ya mtengenezaji na herufi za tiba iliyotumika, kwa mfano HT kwa joto. Marekebisho ya mwaka 2009 yakaongeza sharti la kuondoa gome. Kipande cha gome kinachosalia hakiruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 3, na kikizidi, eneo lake lisifike sentimita 50 za mraba. Sababu yake inaeleweka kirahisi kwa aliyesoma bandiko la kwanza: mbawakawa wa magome anahitaji gome ili azaliane, na ubao uliopashwa joto lakini ukaachwa na gome pana unaweza kuvamiwa tena ukiwa uwanjani.

Naomba watu waelewe mpaka wa muhuri huo. Unahusu mbao za kufungia mizigo peke yake. Magogo na mbao za biashara huingia kwa kibali cha kuingiza mimea na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yalikotoka, na kwa Tanzania Bara jambo hilo liko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kwa Kenya ni KEPHIS, taasisi yao ya ukaguzi wa afya ya mimea. Mteja anayemwambia wakala wake aharakishe tu, mengine yatajulikana mbele, ajue anachokiomba. Na wale wanaonunua paleti kuukuu mitaani kwa ajili ya kutengenezea vitanda na makochi, ambao najua ni wengi, wachague zenye muhuri na zisizo na gome.

#8 – Mkulima wa Paini

Dada wa Forodha, ubarikiwe kwa maelezo. Huku kwetu mashine ndogo za kupasulia mbao, tunazoziita dingdong, zinahamishwa shamba hadi shamba, na mabanzi yenye magome yake yanapakiwa kwenye Fuso kwenda kuuzwa kuni na kujengea mabanda mbali sana na yalikotoka. Sikuwahi kufikiri kwamba banzi lina habari yoyote ndani yake.

Ndugu Mtazamamsitu, nina swali la mwisho. Nikiwa shambani nione nini ndipo nishtuke? Maana mti wa paini hukauka kwa sababu nyingi: mchwa, ukame, nyani na tumbili wanaobandua magome, hata mwenzako kukuchomea majani karibu na shina.

#9 – Mtazamamsitu

Ndugu yangu, umeuliza swali la mwenye shamba hasa.

Anza chini. Mchwa huacha udongo: utaona vijia vya udongo juu ya gome, na ukibandua utakuta udongo ndani. Nyani na tumbili hubandua gome kwa vipande, mara nyingi juu kwenye sehemu laini ya shina, na alama za meno na vipande vilivyotupwa chini huonekana. Ukame hukausha miti mingi kwa pamoja, kwanza ile iliyo kwenye mawe au juu ya kilima, na shina lake ukilichunguza halina tundu. Mbawakawa wa magome huacha unga. Utaukuta kwenye mifereji ya gome na kuzunguka shina, wa rangi ya kahawia iliyokolea kwa sababu ametafuna gome, wakati bungua wa mbao kavu huacha unga mweupe. Kwa mbawakawa mwekundu utaona zaidi madonge makubwa ya utomvu yenye rangi nyekundu au waridi, yakiwa kwenye mita 2 za chini na karibu na shingo ya mizizi, kila donge likiwa na tundu katikati.

Ukiona hivyo, usiukate mti kwa haraka na kuuburuta shamba zima. Chukua kisu, bandua gome dogo kando ya tundu. Ukikuta chumba kipana kilichojaa mabuu weupe wasio na miguu wakiwa wamekaa kundi, na hakuna njia nyingi nyembamba zinazotawanyika, hiyo si dalili ya kawaida katika paini zetu na inastahili kufikishwa kwa wataalamu siku hiyohiyo. Ukikuta njia nyembamba zinazotawanyika kutoka kwenye njia moja kuu, huyo ni mbawakawa wa magome wa aina nyingine, naye pia anafaa kuonyeshwa, kwa sababu Afrika Kusini iliwahi kupokea mbawakawa wa misonobari kutoka ukanda wa Mediterania, akiwemo Orthotomicus erosus, kabla ya yote haya.

Kuhusu mabanzi, ushauri wangu ni kwamba magome yabaki shamba ulikokatia mti. Kama mnunuzi wa mabanzi yupo mbali, menya gome kwanza, uliache likauke juani likiwa limetandazwa. Panga pia kupunguza miti kwa wakati, na upunguzaji huo usiuache ukaingia kiangazi ukiwa na visiki vibichi vilivyozungukwa na miti iliyochubuliwa na magogo yaliyorundikwa kwa miezi. Magogo yanayokaa mwezi mzima kando ya barabara na magome yake, yakisubiri gari, ni mahali pazuri kuliko pote kwa mbawakawa wa magome wa aina yoyote kuzaliana.

Sampuli ni kazi ndogo. Wadudu watatu au wanne waliokomaa pamoja na mabuu kadhaa, ndani ya chupa ndogo yenye spiriti, na kipande cha gome lenye alama za ulaji kilichofungwa vizuri kwenye mfuko usiotoboka. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutwa na spiriti, tarehe, kijiji, aina na umri wa mti, na urefu kutoka ardhini ulipomkuta. Mpelekee afisa misitu wa wilaya au ofisi ya TPHPA iliyo karibu, na umwombe afisa huyo aifikishe pia kwa watafiti wa TAFORI, taasisi yetu ya utafiti wa misitu. Wenzetu wa Kenya wapeleke KEFRI, taasisi yao ya utafiti wa misitu.